Bado Kitanda, Bado Pazia

Mtu akikuambia kwamba kuishi peke yako ni raha, muulize kwanza bei ya chumvi. Akisitasita, ujue bado anakula kwa mama yake.

Bi Hesabu alikuwa na miaka thelathini na mmoja siku alipogundua kwamba hajui bei ya chumvi. Si kwamba hesabu zilimshinda. Jina hilo la utani alipewa na wapakizi wa duka la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi miaka tisa, kwa sababu ukiingia na kikaratasi chenye vipimo vya paa lako, alikitupia jicho mara moja na kukuambia mabati mangapi, misumari kilo ngapi, na ikibaki usiirudishe maana duka halirudishiwi misumari. Lakini nyumbani kwa mama yake chumvi ilikuwepo tu. Ilikuwepo kwenye kopo lake, na kibiriti kilikuwepo, na ufagio, na vibanio vya nguo, na hakuna aliyewahi kumtaka avifikirie. Kila mwisho wa mwezi alimwekea mama yake mchango mkononi, akajiona yeye ndiye anayeendesha nyumba. Masikini wa Mungu! Alikuwa akiendesha nusu, tena ile nusu nyepesi.

Mwaka huo tajiri wake alifungua tawi katika mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima, akamwomba Bi Hesabu akalisimamie. Mshahara ungepanda kidogo. Bi Hesabu alikaa na habari hiyo kifuani siku nne, kwa kuwa hakujua atamwachaje mama yake. Walikuwa wawili tu tangu baba afariki, yeye akiwa na miaka sita: chumba cha mbele chenye cherehani, chumba cha nyuma chenye vitanda viwili. Mama alikuwa fundi wa sare za shule. Nusu ya watoto wa mtaa ule walikalia mishono yake.

Siku ya tano akasema. Mama aliliwekea kiganja gurudumu la cherehani likasimama.

"Watakupa na nyumba?"

"Hapana, Mama. Nitapanga chumba."

"Chumba chako mwenyewe? Chenye ufunguo wake?"

"Ndiyo."

Mama akacheka, kicheko ambacho binti yake hakukitarajia. "Mimi nilitoka kwa baba nikaenda kwa mume, na kwa mume nikamkuta mama mkwe kafunga funguo kiunoni. Mume akafa, na hii nyumba nayo ni ya ukoo wake, siku yoyote wanaweza kukumbuka kwamba ipo. Sijawahi kufunga mlango nikasema huu ni wangu. Wewe nenda. Na nitakuja, nikione hicho chumba kwa macho yangu haya mawili kabla sijafa."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimesema kabla sijafa. Sikusema kesho."

Mwezi ule wa mwisho, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Bi Hesabu alimtungia mama yake uzi kwenye sindano sita za kutilia vifungo na kuzichomeka kwenye kijimto. Mama alisema macho yamechoka. Macho ya fundi wa miaka sitini na mitatu, nani angeshangaa yakichoka?

Chumba alikipata katika safu ya vyumba vitano vya mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyedai kodi ya miezi mitatu kwa mpigo. Bi Hesabu alipojaribu kumwahidi miwili sasa na mmoja baadaye, mkunga alimtazama kwa huruma. "Binti yangu, nimezalisha wanawake miaka thelathini. Hakuna ahadi ambayo sijaisikia." Akalipa mitatu. Akabaki na mkeka, ndoo, sufuria moja, kikombe kimoja na begi la nguo, katika chumba cha saruji kilichorudisha mwangwi hata akikohoa.

Jumapili ya kwanza alikaa kwenye mkeka akapanga bajeti. Kwa mifuko alichukua vile vibahasha vya kaki vya kupimia misumari dukani. Cha inchi nne akaandika Kodi. Cha inchi tatu, Chakula. Cha inchi mbili, Nauli na Vocha. Cha misumari ya mabati, Dharura. Kikabaki kimoja kidogo, cha vile vijisumari vya fundi viatu, na juu yake akaandika Mama.

Hicho hakikuwa cha kumtumia mama yake pesa. Mama alishakataa: "Usinitumie kitu miezi hii, jijenge kwanza." Kilikuwa cha kumpokea. Ndani yake zingeingia, mwezi baada ya mwezi, pesa za kitanda, viti viwili na pazia, na vikitimia, Mama angeitwa aje. Si kabla. Mama mwenyewe ndiye aliyemlea hivyo. Kwao mtu akipiga hodi, alisubiri nje mpaka vipande vya nguo viokotwe sakafuni na cherehani ifunikwe kitambaa chake. Zamani sana mama mkwe wake aliingia kwake ghafla, akazungusha macho chumba kizima bila kusema neno, na mzunguko ule wa macho haujasahaulika mpaka leo. "Mgeni hakaribishwi kwa samahani," Mama alizoea kusema. "Kama huna pa kumkalisha, usimwite."

Ndipo ikaja ile elimu ambayo haifundishwi shuleni. Ufagio unanunuliwa. Kufuli linanunuliwa, na likiwa la bei rahisi linanunuliwa mara mbili. Balbu ikiungua, hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba wa kuibadilisha. Unakaa gizani na kujitazama wewe. Alipika wali wa watu wawili wiki tatu mfululizo, mikono ikikataa kujifunza, akala kiporo mpaka akauchukia wali. Ila alikuwa na ufunguo. Alipourudisha mlango jioni na kuuzungusha ule ufunguo, alisikia fahari inayompanda, na papo hapo, nyuma ya fahari, upweke. Alimkumbuka mama yake mpaka alikuwa akiisikia cherehani masikioni.

Mwezi wa pili, Mama akapiga simu.

"Nije lini?"

"Bado kitanda, Mama. Nalala chini."

"Kwani mimi chini sijawahi kulala? Nitalala hapo hapo nawe."

"Mama, ni wewe uliyenifundisha. Mgeni hakaribishwi kwa samahani."

"Mimi ni mgeni?" Mama akauliza. Bi Hesabu akacheka, akidhani ni utani.

Mwezi wa nne bajeti ilipigwa dafrau. Jino lilimuuma mpaka shavu likavimba, na kibahasha cha Dharura kikatoka mikono mitupu. Wiki hiyo hiyo tajiri alikuja kuhesabu mali ya tawi, waya wa seng'enge ukapungua mita tisini, na upungufu ukagawanywa kwa wafanyakazi watatu. Ilibidi pesa zitoke mahali. Kodi ilikuwa na mkunga nyuma yake. Chakula kilikuwa na tumbo, ingawa hata tumbo alilikopa kidogo. Nauli ilikuwa na kazi. Kibahasha cha Mama ndicho pekee ambacho mdai wake alikuwa mpole, na mdai mpole siku zote hulipwa mwisho. Akakikung'uta mpaka kikabaki karatasi.

Mama akapiga tena. Safari hii sauti yake ilikuwa na haraka fulani ambayo Bi Hesabu hakuizoea.

"Nimeota nakuja. Nije mwisho wa mwezi huu?"

"Bado kidogo, Mama. Kulitokea mambo. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Miezi miwili tu. Unakimbilia wapi? Chumba hakina miguu."

"Chumba hakina," Mama akasema. "Sawa. Miezi miwili."

Bi Hesabu aliweka simu chini akiwa amekereka. Akajisemea kwamba watu wakizeeka wanakuwa kama watoto, wakitaka kitu wanakitaka leo. Siku nyingi baadaye alikuja kuyakumbuka maneno hayo neno kwa neno, na laiti mtu angeweza kurudi nyuma na kujizaba kofi, angerudi.

Lakini alikuwa na bidii, hilo tusimnyime. Alikata chai ya dukani. Alitembea kwa miguu asubuhi ili nauli ya kwenda iingie kwenye kibahasha kidogo. Jioni alikunywa uji, akauita chakula. Mwezi wa sita kitanda kilipatikana, cha futi tatu na nusu, na dereva wa lori la saruji akakipakia bure. Alikishusha mlangoni akitikisa kichwa. "Kitanda cha mtu mmoja! Bi Hesabu, wewe hata ndoto umezipigia bajeti." Wiki mbili baadaye vikaja viti viwili vya mbao. Likabaki pazia.

"Pazia usinunue la kushonwa," Mama alisema kwenye simu. "Nitumie kitambaa, nitakushonea mimi. Kitu kimoja humo kiwe cha mkono wangu."

Alituma mita nne za kitambaa kwa basi. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya saa moja kwa mama yake. Safari hii ilichukua wiki tatu. Na pazia lilipofika, Bi Hesabu alilitandika kitandani akakunja uso. Pindo la chini lilikwenda upande, likarudi, likaenda tena, na mahali pamoja uzi ulikuwa umeruka nje ya kitambaa kabisa. Kazi ya mwanafunzi wa siku mbili. Iliuma. Aliona kwamba wateja wa mama yake wanapata mshono ulionyooka, na yeye, mwana wa kumzaa, kapigiwa pindo la bora liende. Akalifumua lote. Akalishona upya kwa mkono, jioni tatu, akinung'unika.

"Umelipenda?" Mama aliuliza.

"Zuri sana, Mama."

"Halikwenda upande?"

"Hata kidogo."

Kisha akasema lile neno alilolisubiri miezi minane kulisema. "Mama, njoo. Sasa njoo."

Siku ya Jumamosi aliomba ruhusa saa nane, akaenda kituo cha basi akiwa amevaa gauni jipya alilolipia kidogo kidogo. Basi likasimama, watu wakamiminika. Wa mwisho kabisa alishuka Mama, katika nguo zake za kwenda shughulini, na kondakta alikuwa amemshika mkono, akimwambia, "Ngazi moja tena, mama. Hiyo. Umefika chini."

"Mama!"

Mama aligeukia sauti, akafungua mikono, akamkumbatia kwa nguvu. "Umenenepa," akasema, akitabasamu, ila tabasamu lilipita kando ya sikio la binti yake.

Safari ya kutwa nzima, Bi Hesabu akajiambia. Kachoka. Njiani Mama alimshika mkono juu ya kiwiko, na hakuachia mpaka wakafika, yeye ambaye maisha yake yote alitembea mbele na kuwaambia wengine wakaze mwendo. Kuna mambo moyo huyajua na kukataa kuyasikia. Bi Hesabu alizungumza njia nzima, juu ya mkunga, juu ya seng'enge, juu ya bei ya chumvi, asije akaachia nafasi.

Mlangoni Mama alinyoosha kiganja. "Nipe ufunguo. Nifungue mwenyewe."

Alitafuta kwanza tundu la kufuli kwa kidole cha shahada, akaacha kidole hapo, akauongoza ufunguo kwa kidole. Mlango ukafunguka. Mama akasimama kizingitini, uso wake ukageuka taratibu kutoka upande huu hadi upande ule, na machozi yakamtoka.

"Kizuri," akasema. "Mwanangu, kizuri sana. Na kitanda kimekaa mahali pake hasa."

Alikuwa akinyoosha mkono kwenye ukuta wa kushoto. Ukuta wa kushoto ulikuwa na viti. Saa kumi za jioni, dirisha wazi, jua limejaa chumba kizima.

Bi Hesabu alimkalisha kwenye kiti, akapiga magoti mbele yake, akainua mkono na kuupitisha polepole mbele ya macho ya mama yake. Hayakupepesa.

"Usinipungie," Mama akasema kwa upole. "Upepo wake nausikia."

"Tangu lini?"

"Nipeleke kwanza kwenye pazia langu."

Akampeleka. Mama alilishika, akashuka nalo mpaka chini, akapitisha pindo kati ya kidole gumba na cha shahada, inchi kwa inchi, mpaka mwisho. Kisha akarudia.

"Ulilifumua."

"Lilikuwa limekwenda upande kidogo tu, Mama."

"Najua. Nililishona kwa vidole." Akaliachia. "Umeshona vizuri. Mshono wa mkono wako siku zote ulikuwa mzuri kuliko ulivyodhani."

Walikaa kwenye viti vile viwili, magoti yakigusana, na Mama akaeleza bila kuzunguka. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu hata kabla ya Bi Hesabu kuhama; la kulia likafuata. Daktari alimpa dawa ya matone, akamwambia wazi kwamba amechelewa, dawa itazuia kidogo tu, na kilichopotea hakirudi. Alimwambia ahesabu miezi, asihesabu miaka.

"Nikatoka pale nikakupigia simu," Mama akasema. "Siku ile ile. La kulia lilikuwa bado zima. Nikasema niwahi, nikione, nirudi zangu nikiwa nimekiona. Mara ya pili nilikuwa naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Hata hivyo, kipande kwa kipande, ningekimaliza."

"Mbona hukuniambia?" Sauti ya Bi Hesabu ilikuwa imepasuka. "Mama, mbona hukusema neno moja?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningerudi!"

"Umeona? Ungemrudishia mkunga ufunguo wake, ukaja kunishika mkono mpaka chooni. Mimi nilitaka kukiona chumba. Sikutaka kukibomoa."

"Ningeweza kukuita siku hiyo hiyo. Nami nikakwambia ungoje. Nilikukasirikia hata, Mama. Nilisema wazee ni kama watoto."

"Basi wamesema wengi hilo." Mama akapapasa mpaka akaupata mkono wake. "Usilie. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Wateja wananivumilia, jirani ananitungia uzi. Sare zenye mistari ndizo zimenishinda, mistari ina maringo. Haya, nionyeshe chumba."

Akamwonyesha. Alimshika mkono, akauweka kwenye ubao wa kitanda, kwenye godoro, kwenye mgongo wa kila kiti, kwenye ndoo yenye mfuniko, kwenye kopo la chumvi, na kila kitu akakitaja na kusema alikipataje. Mama aliitikia kwa kila kimoja, "Naam. Naam," kama mtu anayepokea mzigo mlangoni. Walipomaliza walirudi kukaa. Mama akanyanyua mikono, akauchukua uso wa binti yake, akaupitia paji, mashavu, taya. Vidole vikasimama kwenye mashavu.

"Kumbe umekonda," akasema. "Ulikuwa unakula nini?"

"Nilikuwa naweka akiba, Mama. Ya kitanda. Ya viti."

Upande wa pili wa ukuta mpangaji alikuwa akisukuma kitu kizito sakafuni.

"Hebu niambie," Mama akasema. "Siku ile nilipokupigia mara ya kwanza. Chumba kilikuwa na nini?"

"Hakikuwa na kitu. Mkeka, na ndoo, na sufuria. Ningeona aibu."

"Dirisha lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Na mlango, na ufunguo wake?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwepo humo ndani?"

"Nilikuwepo."

"Sasa, mwanangu," Mama akauliza, bila ukali wowote, akitaka kweli kujua, "kilichokuwa bado ni kipi?"

Bi Hesabu akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake akalia kwa sauti, na Mama akamwacha alie.